Punda Watano wa Ukurasa wa 121

Vijana, nianze na jambo ambalo hamtalikuta katika mafunzo yoyote ya uhariri: usimpimie punda maji ukiwa umevaa tai.

Mimi nilijifunza hilo Majengo, Nairobi, mchana kweupe, mbele ya wauza viatu na akina mama wa maandazi. Nilikuwa na ndoo, daftari, na digrii ya historia niliyoipata miezi michache kabla. Mwenye punda alikuwa mchuuzi wa maji, na aliniruhusu kwa sababu tai ilimfanya adhani nimetumwa na serikali.

"Bwana afisa," akaniuliza, "huyu punda ana kesi?"

"Hapana, mzee. Nataka kujua anakunywa kiasi gani. Kuna riwaya naihariri, punda kumi na wanne wanavuka jangwa kwa viriba sita vya maji. Hesabu hainiingii."

Akanitazama. Akamtazama punda. "Huyu wangu," akasema taratibu, "hajawahi kwenda huko."

Punda alikunywa ndoo nzima, akapangusa mdomo kwa tai yangu, kisha akaila hadi karibu na fundo. Niliandika daftarini: ndoo moja na nusu tai.

Nawaambia haya kwa sababu mmoja wenu alinipigia simu wiki jana. Mnaandaa toleo jipya la riwaya ileile, safari hii kwa kompyuta, naye akaniambia kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani: "Mzee, tumegundua kosa kubwa ukurasa wa 121. Tulisahihishe, sivyo?" Nikamwambia nitajibu kwa maandishi. Jibu lenyewe ndilo hili. Mtanisamehe likizunguka kidogo. Mimi hata salamu huwa naipitia mara mbili kabla ya kuitoa.

Kampuni yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbao, pembeni mwa Gikomba. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Chini yetu maseremala waligonga misumari kutwa, na mpaka leo nikisoma sentensi ndefu mguu wangu hutafuta mdundo wa nyundo. Kazi yetu ilikuwa kufufua vitabu: riwaya za kale za misafara, ngome na watoto wa wafalme waliotoroka, ambazo watoto wa Kaloleni na Shauri Moyo walikuwa wamezisoma hadi zikabaki gundi na uzi. Waliozichapa mwanzo walikuwa wamefunga zamani. Herufi zao za risasi, zile za kupangia kurasa, zilikuwa zimeyeyushwa. Kwa hiyo kila kitabu kilipangwa upya, herufi moja moja, kutoka kwenye nakala yoyote iliyosalimika.

Mwenye kampuni alikuwa Madam Mwikali, mzaliwa wa Machakos aliyekulia Kaloleni. Aliweza kubeba bunda la karatasi kila kwapa na bado akakugombeza bila kuhema. Aliniajiri kwa miezi mitatu ya majaribio.

"Kitabu kimoja, Digrii," akaniambia. Hakuwahi kuniita jina jingine. "Kikitoka sawa, unabaki. Kikitoka vibaya, mabasi ya kwenu Kitui huondoka kila asubuhi."

Kitabu chenyewe kiliitwa Msafara wa Chumvi, na katika Nairobi nzima tulijua nakala moja tu. Ilikuwa chini ya meza ya seremala, ghorofa ya chini, imeshika mguu mfupi ili meza isiyumbe.

"Fundi," nikamwambia, "si ungetengeneza tu huo mguu?"

"Kwani mguu una shida gani? Si una kitabu."

Alikubali kukitoa kwa sharti nimletee kingine chenye unene uleule, kwani meza ilikuwa imekizoea. Nilipima vitabu vyangu vyote kwa rula. Kilicholingana ni kimoja: tasnifu yangu ya chuo kikuu. Aliisukuma pale chini, akaiegemea meza, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii imesoma," akasema. Ndiyo sifa pekee iliyowahi kupata.

Nikapanda na Msafara wa Chumvi kana kwamba nimebeba yai. Kilinuka vanishi. Pembeni mwa ukurasa wa 121 mtoto fulani alikuwa amechora punda kwa penseli, masikio marefu kuliko miguu, na chini yake ameandika: NIMEHESABU! Niliona ni uchafu. Nikachukua raba nikafuta, nikapuliza vumbi. Mkumbukeni punda huyo.

Sasa niwaeleze tulivyosoma prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, maana ninyi mashine inawasomea. Tulisoma wawili. Mmoja anashika kitabu cha zamani, mwingine anasoma ukurasa uliopangwa upya kwa sauti, pamoja na alama zote. Mwenzangu alikuwa Mzee Salim, mpangaji herufi, mtu wa Majengo, kofia nyeupe na vidole vyeusi. Nilisoma hivi: "Msafara ulisimama mkato jua likawaka mkato na punda wakalia nukta." Baada ya wiki tatu nilienda nyumbani Kitui, nikamwinamia mama yangu na kusema, "Shikamoo mama mkato habari za hapa alama ya kuuliza." Aliniwekea uji, akaenda kumwita mchungaji.

Na someni prufu mkiwa mmeshiba. Mzee Salim alinifundisha hivyo siku niliyoruka mistari minne kwa njaa na kusimama kwenye mstari wenye pilau.

Shida yangu ilikuwa kwamba sikuishia kwenye herufi. Niliona kila kitu. Sura ya tatu mwezi ni mpevu, siku mbili baadaye ni mwandamo. Mpishi wa msafara anazikwa sura ya tano na sura ya nane analalamika kuhusu kuni. Lakini kubwa kuliko yote ni punda. Msafara unaondoka na punda kumi na wanne. Mmoja anachukuliwa na mamba. Wawili wanaibwa. Mmoja anateleza gengeni. Mmoja anasusa, analala chini, na hakuna anayeweza kumwinua hadi mwisho wa riwaya. Wanabaki tisa. Kisha ukurasa wa 121, msafara unaingia mjini kwa ngoma na vigelegele, na mwandishi anasema bila haya: "Punda wote kumi na wanne walipiga kwato mbele ya lango."

Nilihesabu mara saba. Nilihesabu kwa maharagwe. Nilichora punda kumi na wanne kwenye karatasi nikawafuta watano. Hawakurudi.

Jumla nilipata makosa arobaini na moja. Nikayaandika kwa nambari, nikaenda kumwona mwandishi.

Mzee Shomari aliishi Majengo kwenye nyumba ya udongo na mabati, mlango mmoja wa kijani unaofunguka barabarani. Alikuwa karani mstaafu, mpole, mjane. Alinikalisha kwenye kiti chake kizuri, akanimiminia kahawa, akaniwekea sahani ya kashata za njugu. Nikafungua daftari.

"Kwanza, mzee wangu, mwezi wa sura ya tatu."

"Vyema," akasema.

"Na mpishi. Naona tumpe kuni mtu mwingine, kwa kuwa huyu amekufa."

"Vyema, mwanangu. Kula kashata."

"Na hawa punda, mzee. Nitaandika tisa."

Aliutazama mlango. "Vyema," akasema. "Ongeza kahawa."

Arobaini na moja vyema. Nilitoka pale nikiruka mitaro kama mtoto. Nilijiona mhariri aliyezaliwa na kazi.

Mzee Salim alipofika ukurasa wa 121, herufi mkononi, alisimama. "Digrii, una hakika na hawa tisa?"

"Nimehesabu mara saba, Mzee."

"Sikukuuliza kama umehesabu."

"Mwandishi mwenyewe amekubali! Amesema vyema."

"Ulikuwa nyumbani kwake?"

"Ndiyo."

"Umekalia kiti chake, unakula kashata yake?"

"Ndiyo."

"Basi ulitaka aseme nini?" Akatikisa kichwa. Lakini Mzee Salim alikuwa na kanuni moja: hupanga kilichoandikwa, hapangi maoni yake. Akaokota herufi. Tisa.

Tukachapa. Mtambo ulitetemesha jengo hadi maseremala wakatupigia dari kwa mbao. Karatasi kubwa moja ilibeba kurasa kumi na sita, ikakunjwa, ikashonwa kwa mkono, na baada ya hapo herufi zote zikavunjwa na kurudishwa kwenye visanduku vyake, kwa sababu kitabu kingine kilizingoja. Lielewe hilo vizuri, kijana wa kompyuta. Zikishavunjwa, ukurasa haupo tena duniani.

Jalada lilikuwa bado halijagundishwa Mzee Shomari alipokuja kuona. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Madam alikuwa ametoka kutafuta karatasi za jalada, hivyo mimi ndiye niliyempa nakala ya kwanza, kwa mikono miwili. Hakutazama ukurasa wa jina lake. Alifungua moja kwa moja nyuma, kama mtu anayejua droo ya nyumba yake. Akasoma. Akasoma tena, kidole kwenye mstari.

"Vyema," akasema. "Kazi safi. Mungu awabariki."

Akakiweka kitabu mezani polepole, akatupa mkono sote, akashuka ngazi.

"Umeona alivyofurahi?" nikamwambia Mzee Salim.

"Nimeona amekiacha kitabu chake," akasema Mzee Salim.

Mimi bwana nilikaa na sentensi hiyo kama dakika kumi, nikiigeuza. Labda amesahau. Labda mkono umemchoka. Labda kwao kitabu cha kwanza huachwa mahali kilipozaliwa. Mwishowe Mzee Salim akanitupia kile kitabu kifuani. "Mpelekee! Acha kufikiri, tembea!"

Nikakimbia. Nilipita mabunda ya mitumba, nikagongwa na mkokoteni wa makabati, nikaomba msamaha kwa kabati. Nilipofika Majengo, mlango wa kijani ulikuwa wazi, na kwenye kile kiti kizuri, kiti changu, alikaa msichana wa kama miaka tisa. Magoti yake yalikuwa na vumbi, na mapajani mwake alikuwa na nakala ya Msafara wa Chumvi isiyo na mwanzo, imeshonwa kwa uzi wa gunia. Kumbe zilikuwa mbili Nairobi.

"Babu," alikuwa akisema kwa ukali, "mimi nimekuja kukushtaki. Punda wako wamezidi!"

"Wamezidi?" Mzee Shomari akashtuka, mkono kwenye moyo. "Haiwezekani. Umehesabu mwenyewe au umeambiwa na mtu?"

"Mwenyewe! Wa mamba, mmoja. Wa wezi, wawili. Wa gengeni. Na yule wa kununa. Hao ni watano, na wewe umewarudisha wote kama hatuoni!"

"Lahaula," akasema mzee. "Nimeshikwa." Akamsogezea sahani ya kashata. Kisha akatoa daftari kubwa chini ya kitanda, akalamba ncha ya penseli. "Jina lako?"

"Zuhura wa Mama Chapati."

"Basi, Bi Zuhura, nisaidie. Hao watano walirudi vipi?"

Msichana akatafuna, akafikiri, macho darini. "Wa mamba alimpiga mamba teke kwa ndani. Mamba akamtapika. Halafu huyo ndiye aliyeenda kuwachukua wengine, kwa sababu sasa alikuwa haogopi kitu."

Mzee aliandika kila neno. Zuhura akaenda na kashata mbili za njiani, akinipita mlangoni bila salamu, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu mzima tu aliyeshika kitabu.

Mzee Shomari alinikaribisha. Hakulaumu. Nilimwomba nione lile daftari, naye akasema vyema, na safari hii nilijua maana yake ni tofauti, kwa sababu alinipa kabla hajamaliza kulisema. Kurasa na kurasa za watoto waliohesabu, kama yule wa penseli ambaye punda wake nilimfuta kwa raba. Wengine walikuwa wazazi sasa. Mara ya kwanza, alinieleza, lilikuwa kosa la kweli. Alichoka mwishoni mwa kitabu akasahau waliopotea. Kisha mtoto mmoja akaja kubisha kumwambia. Akaja wa pili. Mke wake alipofariki, kulikuwa na siku ambazo hakuna mtu mwingine aliyebisha ila hao.

"Kama ningelisahihisha," akasema, "nani angekuja?"

Nikageuza ukurasa mmoja wa zamani, karatasi imekuwa rangi ya chai. Kwa mwandiko wake safi wa karani: Mwikali wa Kaloleni, darasa la tatu. Anasema walizaa njiani. Nikamwambia punda hazai watano kwa safari moja. Anasema, wa kwangu wanaweza.

Nilirudi ofisini nikiwa nimeshaandika barua ya kujiuzulu kichwani. Mezani niliiandika kwa karatasi, kurasa tatu, na aya moja ya kueleza kwa nini nilitumia neno "majuto" badala ya "masikitiko". Madam Mwikali alikuwa amesharudi. Amesimama dirishani, nakala mkononi, imefunguliwa nyuma.

"Digrii."

"Madam."

"Nani ameua punda wangu?"

"Ni mimi, Madam. Wote watano." Nikampa barua. Aliisoma aya ya kwanza, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake ili kisichafue meza.

"Unajua nilitembea kutoka Kaloleni hadi Majengo kwa miguu kumwambia yule mzee? Darasa la tatu! Mama yangu alinitafuta hadi kwa mafundi wa mitaro. Niliporudi nilichapwa, na nilikuwa bado nacheka." Akamgeukia Mzee Salim. "Tuchape upya ukurasa?"

"Herufi zimevunjwa, na karatasi imeisha, mama. Vimeshashonwa."

Nyundo za chini zilisimama; ilikuwa saa ya chai. Kisha Mzee Salim akakohoa. Akasema kwamba katika kazi yake yote, kitabu kikitoka na kosa, huwekwa kikaratasi kidogo ndani, cha masahihisho. Msomaji anaambiwa: badala ya hivi, soma vile.

"Lakini kitabu hakina kosa," nikasema. "Tisa ni sahihi."

Wote wawili walinitazama.

"Basi," akasema Madam polepole, kama anayemwelekeza mgeni kituoni, "tutalirudisha kosa. Kwa kikaratasi. Na utakiandika wewe."

Vijana, niliandika rasimu kumi na moja. Je, niseme "tafadhali"? Je, kuomba radhi kwa kuwa sahihi kunamfundisha nini mtoto? Madam akanipokonya kalamu nikiwa nimefika hapo, na hiki ndicho kilichochapwa:

"Ukurasa wa 121, badala ya punda tisa, soma punda kumi na wanne. Mhariri anaomba radhi. Alihesabu."

Tuligundisha kwa mkono siku nne, sote watatu, kwa gundi ya unga, hadi nikapeana mkono na mlango, mlango ukaung'ang'ania.

Sasa sikilizeni kilichotokea, kwa maana sikukitarajia na mimi hutarajia kila kitu. Zamani mtoto mmoja mmoja ndiye aliyehesabu. Lakini mtoto ukimwekea kikaratasi kitabuni kinachosema mtu mzima amekosea, hatalala hadi ajue ni nini. Wote walihesabu. Jumamosi ya pili baada ya kitabu kutoka nilipita Majengo, na foleni ilianzia mlango wa kijani, ikapita bomba la maji, ikageuka kwa muuza mkaa. Mwenye punda wa maji alikuwa hapo pia, punda wake katikati ya watoto, wakimkagua kama shahidi. "Bwana afisa!" akaniita. "Nilikwambia hajawahi kwenda huko. Hawa wanasema amerudi!"

Ndani, Mzee Shomari alikuwa ameishiwa kashata, penseli na sauti. Aliponiona hakusema vyema. Alinifokea: "Wewe! Umesimama nini? Kaa uandike!"

Mzee Salim alipolisikia hilo alinipongeza. Mtu wa Majengo akikufokea ndani ya nyumba yake, alisema, umekuwa wa nyumbani.

Nilikuwa karani wa punda kila Jumamosi kwa miaka mingi, hadi Mzee Shomari alipotutoka. Madam alinipa barua ya kazi yenye mstari mmoja: ameajiriwa, lakini haruhusiwi kuhesabu peke yake. Toleo lililofuata tuliwarudisha punda kumi na wanne kwenye ukurasa wao, bila kikaratasi. Madaftari niliachiwa mimi. Yako hapa Huruma, chini ya kitanda, na bado kuna watu wazima wenye mvi wanaobisha kuuliza kama majina yao yamo.

Nimefundisha wahariri wengi kutafuta makosa. Ninawaonea fahari kwamba mmelipata hili, na mmelipata haraka kuliko nilivyolipata mimi na maharagwe yangu. Lakini huyo aliyenipigia simu, kabla hajagusa kitufe chochote, ninalo swali moja. Kashata ziko kwenye sahani, penseli nimeichonga, ukurasa mweupe nimeufungua. Wewe njoo ubishe hodi, ukae kwenye kiti kizuri, uniambie: hao watano walirudi vipi?